Mgodi wa Tatu na Yowe la Mchana

Mgodi wa Tatu umetoka, na kila kijana wa Mikumi mwenye mashine ya gemu anaapa kwamba ndio bora kuliko yote miwili iliyotangulia. Nimeucheza wiki tatu, katika chumba changu nyuma ya nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi, mchana, wakati wageni wa jana wameshaondoka na madereva wa malori hawajaanza kuegesha. Nimeumaliza mara mbili. Kwa hiyo sisemi ya kusikia, wala sisemi kwa ukaidi wa mtu mzima anayeona vya ujana wake ndivyo vilivyokuwa na chumvi. Nasema nilichokiona: umepambwa kama bibi harusi, na hauogopeshi.

Jina lake halisi ni la Kizungu, refu, na utotoni hatukuwahi kulijua. Mjomba ndiye aliyeuita Mgodi. Mama mmoja anaingia kwenye mgodi wa chumvi uliohamwa, anamtafuta mwanawe, na humo ndani wamo viumbe wasio na macho. Wana masikio tu, makubwa, yamelowa, yanageuka kila upande. Tuliwaita Masikio. Wakikusikia wanakuja, na wakikukamata hawakumezi kwa adabu. Wanaanza na taya. Wanalivuta mpaka linaachana na uso, damu inajaa kwenye kioo cha televisheni, kisha yanatokea maandishi ya kukuuliza kama unataka kuanza upya.

Katika ule wa kwanza ulipewa risasi nane kwa mchezo mzima, na kurunzi iliyofifia kila ulipoihitaji. Ukifyatua risasi moja umeua Sikio mmoja na umeita ishirini. Kwa hiyo risasi zilikuwa za kukujaribu tu. Dawa ilikuwa moja: unaachia vitufe vyote. Yule mama anabana pumzi, anasimama wima, na Masikio wanapita mbele ya pua yake, ute unamdondokea begani, na wewe uliyeshika pedi ya kuchezea huthubutu hata kumeza mate. Aliyekimbia alikufa. Aliyetulia alipona. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mgodi, na sijaona gemu lingine lenye sheria fupi namna hiyo.

Mgodi wa Pili uliiharibu sheria kwa kumpa yule mama shoka na bunduki ya risasi mia. Masikio wakawa kuku wa sikukuu, unachinja mpaka mkono unachoka. Huu wa Tatu unajaribu kuturudisha kwenye giza la mwanzo, na kwa macho umefanikiwa. Chumvi inameta ukutani. Unaona jasho kwenye shingo ya mama. Amepewa panga, na sauti ya panga likiingia kwenye mfupa wameipata sawasawa, kitu ambacho huko nyuma hawakukiweza kabisa. Nilipoisikia mara ya kwanza niliweka pedi chini nikaenda kunawa uso. Nilikaa bafuni muda mrefu, maji yakiwa wazi, na mgeni wa chumba cha nne akaja kugonga mlango akidhani bomba limepasuka.

Wanachokisifu zaidi vijana ni kitufe kipya. Ukizidiwa, unakibonyeza na mama anapiga ukelele, na watu wa juu ya mgodi wanateremka na mashoka kuja kumwokoa. Hapo ndipo mimi na huu Mgodi wa Tatu tulipogombana, na sababu yake iko nyuma, kwenye kibanda cha mjomba, kijijini kwetu upande wa Masanze.

Mashine mpya haina harufu. Ile ya mjomba ilinuka vumbi lililoungua, petroli ya jenereta na magunia ya mahindi yaliyotundikwa dirishani kuzuia mwanga. Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Alikaa Mikumi miaka kadhaa akiosha malori, kisha siku moja akarudi kijijini na televisheni yenye kisogo, mashine ya gemu, na jenereta lililokohoa kuliko babu yetu. Akajenga kibanda cha udongo pembeni ya nyumba yetu, na watoto wa kijiji kizima wakawa wanaleta mayai na petroli kwenye chupa za soda ili wacheze. Baba yangu hakukipenda kile kibanda. Alisema kitu kinachofungiwa gizani mchana hakina heri. Lakini mjomba alikuwa shemeji yake, na shemeji humfukuzi kwa sababu ya televisheni.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niseme bila haya kwamba hakuna aliyenifikia. Wavulana walikuwa wanakimbia. Mpe mvulana pedi lazima akimbie, na akikimbia taya linang'oka. Mimi nililelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, kwa hiyo kipaji changu kilikuwa kimeshaandaliwa nyumbani. Mjomba alipokwenda Mikumi kutafuta petroli, mimi ndiye niliyeachiwa kibanda, na nilikitawala kama mwenyekiti wa kijiji.

Shija alikuja kucheza kama wengine. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa familia ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na kuweka boma lao ng'ambo ya korongo. Tulisoma darasa moja. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Alimpigia mluzi yule mama wa kwenye gemu kama anayerudisha ndama zizini.

"Hakusikii huyo," nilimwambia. "Hapo si machungani."

"Ng'ombe wananisikia, yeye ni nani?"

"Kwa hiyo ndiyo maana umekufa mara sita tangu asubuhi."

Nilimfundisha. Niliweka vidole vyangu juu ya vidole vyake gumba nikavibana ili asibonyeze chochote. "Ukiwaona wanakuja, usisogee. Usipumue. Watapita." Ilimchukua wiki mbili kulielewa hilo, kwa sababu maisha yake yote alifundishwa kwamba ukimwona simba unapiga kelele na kurusha fimbo. Lakini alilielewa. Siku ya kwanza alipowaacha Masikio wapite, alinigeukia na kunipa mkono, kama mtu mzima aliyeuza mtamba.

Mwaka huo mambo ya kijijini hayakuwa mazuri, nami niliyaona kwa jicho la Mgodi. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya jirani yetu yakiwa yamebeba. Jirani akaenda kuwafukuza, akarudi amebebwa na taya limevunjwa kwa fimbo. Nilimwona amekaa barazani, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, anakunywa uji kwa mrija. Watu wazima walisema wafugaji ndio waliomfanya hivyo. Mimi nilijua ni nani anayeanzia taya. Nililala siku tatu nikiwa nimejifunika masikio kwa mikono, na mama akadhani naumwa meno.

Wiki iliyofuata wanaume wa kwetu walikwenda korongoni wakakata ng'ombe wawili mishipa ya miguu ya nyuma. Hawakuwaua. Waliwaacha hapo wakijikokota kwenye mchanga, wakilia, tangu saa nne mpaka alasiri, hadi wenyewe walipokuja kuwamalizia kwa mkuki. Tulikuwa shuleni. Mwalimu alifunga madirisha na kuendelea na hesabu. Shija alikuwa amekaa mbele yangu, na aliwatambua wale ng'ombe kwa sauti. Aliandika majina yao nyuma ya daftari, akayafuta. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi mjomba hayupo.

Kwetu yowe si kelele. Anayelisikia hana ruhusa ya kuuliza limetoka wapi. Analipokea, anapiga la kwake ili lifike mbele, kisha anashika chochote alichonacho mkononi na kukimbia upande lilikotokea. Mwanaume aliyesikia yowe akabaki nyumbani, siku yake ikifika hakuna atakayemsikia. Ndivyo tulivyookoa watu kwenye moto na kwenye mafuriko, na ndivyo tulivyomtoa mtoto kwenye kisima kabla sijaanza shule. Na baada ya yowe, wazee hukaa na kulifuata kinyumenyume, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa aliyelipiga la kwanza, naye lazima aseme aliona nini.

Jumamosi ile mjomba alikuwa Mikumi, na watoto wengine walikuwa mashambani wakilinda mahindi. Shija alifika saa nane, amepita njia ya nyuma. Tuliwasha jenereta. Tulicheza kwa zamu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kibanda kile tulifika chumba cha mwisho, ambacho hata mjomba hakuwahi kukiona. Yule mama alimkuta mwanawe. Alikuwa amekaa, ametupa mgongo, amevaa sweta jekundu. Mimi ndiye niliyekuwa na pedi. Nilimsogeza mama polepole, nikamwinamisha, mkono wake ukamgusa mtoto begani. Mtoto akageuka. Hakuwa na macho. Akafungua mdomo na kulivuta taya la mama yake kwa mikono miwili.

Mimi, bingwa wa kunyamaza, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nililia na machozi. Shija alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka.

"Kumbe na wewe unaogopa!" alisema. "Kesho nitawaambia wote."

Tukasikia yowe nje. Lilikuwa karibu, la mama jirani, mke wa yule aliyevunjwa taya, ambaye alikuwa akipepeta mpunga. Kisha lingine, mbali kidogo. Kisha la korongoni. Hatukuyaunganisha na ukelele wangu. Niliacha kulia nikasikiliza, nikadhani kuna jambo limetokea huko kwingine. Shija alisimama akafuta suruali vumbi.

"Ngoja niende nyumbani," alisema. "Yowe la siku hizi si la kukutwa nalo huku kwenu."

"Ukitoka sasa hivi watakuona," nilimwambia. "Kaa hapa. Yatapita."

Alikaa kwa sababu nilimwambia akae. Nimejaribu miaka mingi kulisema hilo kwa namna nyingine, na hakuna namna nyingine.

Vishindo vilikuja, na badala ya kutupita vilikuwa vinakua. Ndipo nilipoelewa yowe lilikuwa la nani. Mlango ulipigwa teke, na wa kwanza kuingia alikuwa baba yangu, ametoka shambani moja kwa moja, kifua wazi, panga mkononi. Mguu wake ulinasa kwenye waya na televisheni ikazimika. Kwa hiyo baba hakuona gemu lolote. Aliona kibanda chenye magunia dirishani, binti yake ana machozi, na mtoto wa wafugaji amesimama kwenye kona.

Nyuma ya Shija kulikuwa na dirisha la kutosha mtu kuruka. Gunia lilikuwa limeshikiliwa na misumari miwili tu, naye alilijua, kwa sababu ndiye aliyelitundika. Hakukimbia. Aliachia mikono ikaning'inia, akabana pumzi, akasimama vile vile nilivyomfundisha. Macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa ananionyesha kwamba amekumbuka.

"Amekufanya nini?" baba aliuliza.

Sikujibu. Na mimi nilikuwa nimebana pumzi.

"Nakuuliza! Amekufanya nini huyu?"

Kama ningesema neno moja, gemu, tungepigwa fimbo wote wawili na leo ningekuwa nawasimulia kichekesho. Nilisimama. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba tukitulia sote wawili, baba atanusanusa, atatupita, ataondoka. Baba alinyanyua panga. Shija alivunja sheria sekunde ya mwisho tu, akainua mkono wa kushoto mbele ya uso.

Kwenye Mgodi wa kwanza panga halikuwepo, lakini mtu akikatwa na chochote ilisikika kelele ya maji mengi yakimwagwa. Nilikuwa naisubiri kelele hiyo. Haikuja. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mtu anakata muwa kwa ajili ya watoto. Vidole viwili vilianguka mkekani karibu na pedi, na kimoja kilikuwa bado kinajikunja. Damu ilifika kwenye gunia. Shija aliutazama mkono wake bila kulia, mdomo wazi, akawa kama anauhesabu. Mimi nilikuwa nasubiri maandishi ya kuanza upya.

Wengine waliingia na fimbo na mipini ya majembe. Walimvuta nje kwa mguu, wakampiga pale pale kwenye mpunga uliokuwa unapepetwa, mgongoni, mbavuni, kichwani. Watu wazima tisa au kumi, watu waliokuwa wananipa muhogo wa kuchoma nikipita kwao. Nilisikia mbavu. Aliyemwokoa ni yule yule mama jirani aliyelipokea yowe langu, ambaye mumewe alikuwa anakula kwa mrija kwa sababu ya wafugaji. Alimtazama vizuri, akaona ni mtoto, akajitupa juu yake kifudifudi. Mpini mmoja ulimpata mgongoni kabla hawajaacha. Mpaka anakufa alitembea ameinamia upande.

Jua halijazama, kaka zake Shija na watu wa boma lao walikuja na mikuki. Waliteketeza nyumba tatu na ghala mbili. Sisi tukateketeza boma lao, na ndama waliofungiwa ndani walisikika mpaka shuleni. Mambo hayo yalikwenda siku tatu. Mtu mmoja wa kwao alizikwa, na mmoja wa kwetu, kijana aliyekuwa na mke mwenye ujauzito. Polisi walimchukua baba. Familia ya Shija ilihama na ng'ombe waliobaki, kesi ikakosa mlalamikaji, na baba akarudi.

Wazee walikaa kulifuata yowe. Waliuliza nyumba kwa nyumba. Huyu alilipokea kwa yule, yule kwa mama jirani, mama jirani akasema lilitoka kibandani kwa mjomba. Wakaniita. Mama alikuwa amenishika mkono na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Baba alikaa mbele, ameangalia chini.

"Ni wewe uliyepiga yowe, mwanangu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini ulipiga?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Hapo nilijua. Msidhani mtoto wa miaka kumi na miwili hajui. Nilijua kwamba nikisema niliogopa picha ya televisheni, baba yangu amemkata mtoto wa watu bure, na wale wawili wamezikwa bure, mbele ya kijiji kizima. Nilimwangalia baba. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa mdomo wangu kiasi kile. Basi nikafanya kile nilichokuwa nakiweza kuliko watoto wote. Nilinyamaza. Nilisimama, sikusogea, na maswali yakaja mpaka karibu na uso wangu, yakapita.

"Mtoto ana haya," mwenyekiti alisema. "Msimlazimishe. Tumeelewa."

Watu wakatikisa vichwa. Baba alipumua kwa sauti. Tangu siku hiyo alininunulia kanga mpya kila sikukuu, na hakuniuliza tena. Mjomba alirudisha mashine yake Mikumi wiki ile ile. Naye hakuniuliza, na yeye nadhani alijua jibu.

Sasa mnielewe ninaposema kwamba kitufe cha ukelele ndicho kilichouua Mgodi wa Tatu. Nimekibonyeza mara moja, kwa ajili ya kuupima kwa haki. Watu wanateremka na mashoka, kumi na moja, nimewahesabu, na kila mmoja anapita pembeni ya mama na kumkata Sikio. Hawakosei. Hakuna hata mmoja anayefika pale akiwa ameshaamua njiani. Waliolitengeneza gemu hili wana ujuzi mkubwa wa nyama na mifupa, lakini hawajawahi kuishi mahali ambapo ukelele ukishatoka mdomoni si wako tena. Mgodi wa kwanza, kwa ubovu wa picha zake zote, ulijua kwamba kinachokuja ukipiga kelele ndicho cha kuogopwa. Ulinidanganya kimoja tu, kwamba kutulia ni salama. Sijui nimwekee alama ngapi mwalimu aliyenifundisha nusu.

Shija nilimwona mwaka huu huu. Gari la mgeni lilipata pancha, nikamsindikiza kwa fundi wa matairi kule malori yanakolala, na fundi alikuwa amepiga goti ananyanyua tairi kwa mkono wenye vidole vitatu. Nilimtambua kabla hajainua kichwa. Yeye alinitambua niliposalimia. Tulisubiri mgeni aondoke. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilitamani.

"Ule mchezo ulimaliza?" ndilo lililomtoka.

"Wa kwanza sikuugusa tena."

"Mimi nilimaliza wa pili, kwa simu. Risasi nyingi mno, hauna maana." Alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Huu wa tatu dogo wangu ananionyesha. Eti unapiga kelele wanakuja kukusaidia." Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kile kile cha mkekani, na mimi sikuweza kucheka naye.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeutunga kwa miaka, na ulitoka umekatika vipande, nikilia mbele ya watu wa malori. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Hata mimi. Mzee wako yupo?"

"Yupo kijijini."

"Ulishamwambia?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Hakukasirika. Aliokota spana yake, akaigeuza mkononi.

"Haya. Ukienda nisalimie. Mwambie Shija amesema shikamoo."

Nilikwenda Ijumaa. Baba amezeeka, ameketi nje baada ya swala, anamenya karanga. Baba yangu huitikia shikamoo ya kila mtu. Huitikia ya walevi. Huitikia ya watoto wa miaka miwili wasioweza kuitamka. Nilimwambia nimekutana na Shija, ni fundi Mikumi, anamsalimu, amesema shikamoo. Mikono yake iliendelea na karanga. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nimesikia," alisema. "Salamu ya mtu aliyekuingilia, mwanangu, siitikii. Hata angekuwa amekufa."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kwamba Shija hakunigusa, kwamba nilikuwa nacheza gemu, mtoto wa kwenye gemu akageuka hana macho, nikapiga kelele. Kwamba yeye, baba, alinasa kwenye waya kwa mguu, ndiyo maana hakuona. Kwamba Shija hakukimbia kwa sababu mimi nilimfundisha asikimbie. Kwamba alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alitoka mlangoni na ungo, akasimama hapo hapo.

Baba aliweka karanga chini. Aliuliza kitu kimoja, "Gemu?", nikasema ndiyo. Mama hakuthubutu kupita.

"Irudie ile salamu yake," aliniambia mwishowe.

"Shikamoo, baba."

Alikaa sawa kwenye kiti, kama mtu aliyejiandaa kupokea mgeni. Alifungua mdomo. Midomo yake iliishika ile herufi ya kwanza, ikaibana, ikatetemeka nayo, na marahaba haikutoka.